Bi Taratibu, Kinyozi wa Farasi (1951–2024)

Marehemu hakumsubiri mkunga. Alizaliwa tarehe 3 Juni 1951, saa moja asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mabati iliyopakana na ghala la makaa. Mkunga alipofika na kikapu chake alimkuta mtoto ameshaoshwa, ameshafungwa kitambaa, analia kama anayeuliza mbona mmechelewa. Mkunga akasema, "Huyu ana safari gani?" Akanywa chai, akaenda zake.

Alikuwa wa tatu kati ya watoto saba. Baba yake aliendesha mkokoteni wa farasi akigawa makaa nyumba kwa nyumba. Mama yake alishona magunia. Farasi wao alikuwa mmoja, mzee, wa kijivu, na alilala upande wa pili wa ukuta aliolalia mtoto. Marehemu alisema kwamba kabla hajazijua sauti za shangazi zake alikuwa ameshaijua ya farasi akitafuna.

Alikuwa mtu wa mbio. Alitembea mbio, alikula mbio, alisema mbio mpaka maneno yakakanyagana. Mtaani aliitwa Bi Haraka. Bandani, alikofanya kazi miaka arobaini na moja, hakuna aliyelijua jina hilo. Kule alikuwa Bi Taratibu, kwa sababu ndilo neno walilomsikia akiwaambia farasi kutwa nzima. Leo pande zote mbili zimekuja. Asidhani mtu amekosea msiba. Ni mtu mmoja.

Alianza shule Januari 1958. Aliacha Desemba 1962, mwisho wa darasa la tano, baba yake alipovunjika mguu na mkokoteni ukakosa mtu wa kushika hatamu. Darasani alikuwa wa kwanza kumaliza hesabu kila siku, na kila siku alikosa. Mwalimu wake alizoea kumuuliza, "Umemaliza au umeacha?" Lakini kusoma alisoma vizuri, hata maandishi mabaya. Hilo lishikeni, maana linakuja. Mume wake hakukaa darasani hata siku moja. Haya ameyasema kwa mdomo, mjukuu ameyaandika.

Tarehe 2 Machi 1970 aliajiriwa kuwa mfagiaji katika banda la shule ya kupanda farasi. Banda lilikuwa na milango thelathini, kumi na tano kila upande, na ujia wa mawe katikati. Mwanzo wa ujia palikuwa na stoo ya nyasi kavu, na kando yake ubao wa kazi. Mwisho wa ujia palikuwa na chumba kidogo cha ngozi chenye dirisha moja. Humo alikaa fundi wa matandiko na hatamu. Fundi huyo ndiye aliyekuja kuwa mume wake, lakini wakati huo alikuwa fundi tu, na marehemu alimpita kila asubuhi akisema, "Inua miguu, nifagie."

Kabla ya kwenda mbele ni lazima ijulikane kazi yenyewe, maana wa mtaani hawaijui.

Farasi ana singa, yaani zile nywele ndefu za shingoni. Zikiachwa zinajisokota na kushika uchafu. Hazikatwi kama kamba, mkasi ukipita mara moja shingo inaonekana imeliwa na panya. Unazichana, unashika chache zilizo ndefu kwa chini, unazirudisha nyuma kwa kitana, unazing'oa kwa mvuto mfupi. Chache, tena chache, mpaka zote zimebaki urefu wa kiganja. Nyuma ya masikio, pale pa kupitia ukanda wa hatamu, unakata njia ya vidole viwili. Halafu yanakuja masikio. Ndani ya sikio la farasi mna nywele, na nywele hizo zina kazi. Zinazuia nzi, vumbi na mvua. Siku zile watu hawakujali. Farasi wa maonyesho alinyolewa sikio mpaka ndani, likabaki tupu kama kikombe kilichooshwa. Ndiyo ilikuwa fahari.

Aliyenyoa alikuwa kinyozi mkuu, wakimwita Mzee Makasi. Hakuwa mtu mbaya. Alifundishwa hivyo. Alimfunga farasi kamba kwenye mdomo wa juu, akaikaza kwa kijiti, na farasi akiwa anawaza mdomo, yeye ananyoa sikio.

Mwaka 1973 waliletwa farasi sita wapya, na mmoja alikuwa jike wa hudhurungi, mrefu, mwenye macho ya kukuuliza. Aliyemuuza alisema wakati anamshusha garini, "Miguu gusa, mgongo gusa. Masikio usiguse." Saisi, wale wachungaji wa farasi, wakashika hapo hapo. Jina lake likawa Usiguse.

Jumatatu tarehe 16 Septemba 1974, siku tano kabla ya maonyesho, Mzee Makasi aliingia kwa Usiguse na kamba yake. Alitoka kabla ya kamba. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilivunjika kwenye fremu ya mlango, na mkasi ukaokotwa ndani ya ndoo ya maji.

Msimamizi wa banda alikuja. Alikuwa mtu mwembamba, mkavu wa maneno, kila kitu alikiandika ubaoni ili asiulizwe. Siku hiyo alisema kwa mdomo.

"Jumamosi asiposimama mbele ya jaji akiwa ametengenezwa, Jumatatu anakwenda machimboni."

Machimboni walichukua farasi wasiotakiwa wakawafunga kuvuta mawe. Hakuna aliyewahi kurudi.

Marehemu alikuwa amesimama na ufagio. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mama yake na wadogo zake wanne walikula kwa ufagio huo.

"Nipe mimi," akasema.

"Nikupe nini?"

"Huyo. Na mkasi."

"Wewe ni mfagiaji."

"Kufagia nimemaliza."

Saisi mmoja akacheka. "Dada, huyo si vumbi."

"Najua. Vumbi ni wewe uliyesimama njiani."

Msimamizi akamtazama. "Akikushinda?"

"Siku anayokwenda machimboni, na mimi ninatoka getini nyuma yake."

"Na kwenu mtakula nini?"

Marehemu alinyoosha mkono. Msimamizi akampa mkasi, bado unadondosha maji.

Wiki ile, wenzangu, haikuwa wiki ya kushona ngozi. Dirisha la fundi lilitazama moja kwa moja mlango wa Usiguse. Fundi alishona hatamu moja, akaifumua, akaishona tena upande uleule usio wake.

Jumatatu mchana marehemu aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa nje ya mlango, mkate mkono wa kushoto, mkasi mkono wa kulia. Alikata hewa. Kche. Kche. Usiguse alikuwa amejibana ukuta wa nyuma, masikio yamelala kisogoni. Marehemu hakumtazama. Alikula, akakata hewa, akaongea na yeye mwenyewe habari za bei ya sabuni. Mpaka kengele ya jioni Usiguse alikuwa amesogea hatua mbili, akitaka mkate.

Jumanne alisikilizishwa mkasi begani. Jumatano shingoni. Hapo ndipo watu walipoanza kupunguza kasi wakipita. Yule mwanamke aliyekuwa akipita kama upepo, mkono wake sasa ulikwenda kama unavyomfunika mtoto shuka. Singa tatu, anang'oa. Anasubiri. "Taratibu, mama. Taratibu." Singa tatu tena. Usiguse akashusha pumzi ndefu, midomo ikalegea. Saisi wakaanza kuwekeana dau la sigara. Wengi waliweka kwa farasi.

Alhamisi asubuhi aliweka kiganja juu ya sikio. Alihesabu moja, mbili, tatu, akaondoa. Akarudia. Akafika kumi. Na hapo saisi yule wa vumbi akaangusha ndoo ujiani.

Kichwa cha Usiguse kilikuja kama mlango uliopigwa na upepo. Marehemu alitoka akiwa ameshika pua, damu inapita kati ya vidole. Hakulia. Alikuja dirishani kwa fundi.

"Fundi, una pamba?"

"Nina ngozi."

"Ngozi nitaizibia pua?"

Fundi alichana fulana yake. Alikunja kipande akampa. Akamwambia: "Acha, mpaka kesho."

"Nikiacha sasa, atajua kwamba ndoo ikianguka mimi nakimbia." Akarudi ndani, kitambaa kikining'inia puani kama kengele. Akaweka kiganja juu ya sikio. Moja, mbili, tatu.

Ijumaa alilikunja. Hiyo ndiyo kazi yake mwenyewe, hakufundishwa na mtu. Alichukua sikio kwa mkono wa kushoto, akaleta kingo mbili pamoja kama anakunja jani, na nywele zilizotokeza nje ya kingo akazikata kuanzia chini kwenda kwenye ncha. Zilizo ndani zikabaki ndani. Mkasi haukuingia. Sikio likiachiwa linafunguka, ni safi pembeni na kati limejaa. La kulia. Kisha la kushoto. Usiguse alikuwa ameegemeza paji la uso kifuani pake.

Jioni msimamizi aliandika ubaoni kazi za asubuhi. Siku zote aliandika namna moja: jina la farasi, kistari kirefu, kisha linalotakiwa.

RADI – MKIA
KAHAWA – KWATO
USIGUSE – MASIKIO

Alitaka anyolewe mpaka ndani, kama wengine. Aliandika, akaenda nyumbani.

Jumamosi tarehe 21 Septemba 1974, saa kumi na mbili asubuhi, marehemu alifika, akasoma ubao, akaanza kazi. Alimalizia singa, akazilowanisha kwa sponji zikalala upande mmoja. Alikata njia ya hatamu, vidole viwili. Alifuta macho, alifuta pua, alichana mkia. Masikio hakuyagusa.

Saa mbili kasorobo msimamizi alikuja akiwa amevaa tai. Alimzunguka Usiguse mara moja akiridhika. Akafika kichwani.

"Haya ni nini?"

"Ni masikio."

"Yana nywele."

"Yalizaliwa nazo."

"Nimeandika nini pale ubaoni?"

"Umeandika usiguse masikio."

"Nimeandika..." Msimamizi akaenda ubaoni, marehemu nyuma yake, saisi wote nyuma ya marehemu. Mstari wa kwanza ulikuwa na kistari. Wa pili ulikuwa nacho. Wa tatu pale kwenye kistari palikuwa na ukungu mweupe tu, na maneno mawili yamekaa karibu karibu, kwa mwandiko wake mwenyewe: USIGUSE MASIKIO.

Akasoma kimoyomoyo. Akasoma kwa sauti. Mzee Makasi, mkono umefungwa plasta, ndiye aliyeanza kucheka, na akicheka yeye nani angejizuia. Saisi mmoja alikaa chini kabisa, juu ya kinyesi.

"Mkubwa ameandika, sisi ni nani," akasema marehemu. Uso wake haukuonyesha lolote.

Kengele ya uwanjani ikalia. Muda wa kunyoa haukuwepo. Msimamizi akasema, "Mtoe." Halafu akasema taratibu zaidi, "Lile la machimboni liko palepale. Na la getini pia."

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Jua lilipopanda, usubi ulitoka kwenye majani, ule mdogo usioonekana unaouma kama cheche. Farasi kumi na wanne walisimama mstari mmoja. Kumi na watatu walikuwa na masikio yaliyonyolewa mpaka ndani, yanang'aa. Usubi uliingia kama umealikwa.

Wa kwanza alianza kutikisa kichwa. Wa pili akafuata. Farasi wa shule ya jirani, mweupe, aliyetarajiwa na watu wote, alisimama kwa miguu ya nyuma mpaka saisi wake akaachia kamba. Mstari mzima ukawa kama nguo kwenye kamba siku ya upepo. Usiguse alisimama. Sikio moja mbele, moja nyuma, akimsikiliza marehemu aliyemshika hatamu.

Fundi alikuwa amepanda juu ya pipa. Hakumbuki nani alimpandisha.

Jaji alikuja farasi kwa farasi. Alikuwa bwana mnene, mwenye kofia, anayepumua kwa kinywa. Alimtazama Usiguse miguu, mgongo, singa. Alipima kwa kiganja chake, zikalingana. Halafu hakuuliza mtu, hakutoa onyo, alinyanyua mkono wake, mkono wa mgeni, akaupeleka sikioni.

Banda zima lilijua. Mzee Makasi alifumba macho. Msimamizi alishika tai yake kama kamba ya kujiokoa. Marehemu hakumvuta farasi wala hakumwambia jaji aache. Midomo yake tu ilicheza, na neno lake mnalijua.

Usiguse alishusha kichwa. Alikishusha mpaka sikio likafika penye mkono wa jaji, kama anayesema, na la pili lipo.

Jaji alikunja sikio, akalifungua, akachungulia zile nywele. Akatazama mstari wa farasi wanaocheza ngoma. Akatazama tena lile sikio.

"Nani amemtengeneza huyu?"

Msimamizi alikuwa na nafasi ya kusema mengi. Angesema mfagiaji. Angesema imetokea makosa ubaoni. Alikohoa, akasema, "Kinyozi wetu."

Usiguse alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa farasi mwenye miguu mizuri zaidi, na hiyo ilikuwa haki. Lakini wa pili haendi machimboni. Fundi aliruka kutoka pipani akaumia kisigino, na mpaka leo baridi ikija kinamkumbusha. Saisi yule wa vumbi alikuja na ufagio wa marehemu akaushika mikononi kama anayekabidhi mtoto. "Huu sasa ni wa nani?" Marehemu akamwambia, "Umeushika wewe."

Hivyo ndivyo alivyokuwa kinyozi. Barua ya kazi ilikuja Oktoba, lakini yeye alihesabu kutoka siku jina hilo lilipotamkwa.

Ndoa yake nayo ilitoka ubaoni. Jumatatu iliyofuata aliingia chumba cha ngozi, akafunga mlango kwa kisigino.

"Fundi, Ijumaa jioni ulibeba nini?"

"Tandiko."

"Kwenye bega gani?"

"Hili."

"Mkokoteni wa nyasi ulipita?"

"Ulipita. Nilijibana ukutani."

"Ukuta gani?"

Marehemu akachukua koti la fundi pale msumarini, akaligeuza bega, akamwonyesha. Chaki. Mstari mweupe, mnene, urefu wa kidole.

"Umebeba kistari cha watu," akasema.

Fundi hakuelewa kistari ni nini, na kosa lile asingelifanya mtu anayejua kusoma, maana anayejua kusoma hajibani kwenye maandishi. Aliogopa. Akauliza kama aende kwa msimamizi akaseme.

"Ukaseme nini? Farasi amesimama." Kisha akaketi juu ya tandiko. Akachukua kipande cha chaki mfukoni na kipande cha ngozi nyeusi mezani, akachora mstari mmoja. "Hiki ndicho kistari. Kinatenganisha anayeitwa na anachofanyiwa. Leo umejua hicho. Kesho nitakuletea herufi."

Alileta herufi miezi minane. Walifunga ndoa tarehe 10 Mei 1975, Jumamosi, saa nne asubuhi, na bwana harusi aliandika jina lake mwenyewe kitabuni. Liliandikwa vibaya. Bibi harusi alimnong'oneza, "Umemaliza au umeacha?" Aliyefungisha ndoa aliwauliza wanachekea nini. Kuhusu kama asubuhi ile marehemu aliusoma ubao vile kwa kukosea au kwa kupenda, mume wake alimuuliza miaka arobaini na tisa. Jibu lilikuwa moja: "Mimi nilisoma kilichoandikwa."

Walijaliwa watoto wanne. Kila mwisho wa mwezi aliwapanga uani kwenye kigoda akawanyoa, na kila mmoja alikunjwa sikio. Kijana wa pili alikuwa akilia, "Mama, mimi si farasi." Naye alimjibu, "Najua. Farasi angekuwa ameshatulia."

Bandani mambo yalibadilika. Daktari wa mifugo alikuja akasema kwa vitabu kile ambacho marehemu alikisema kwa mkono, kwamba nywele za ndani ya sikio ziachwe. Mwaka 1976 msimamizi aliamuru ubao wa mbao upakwe rangi ya mafuta, ukapigiliwa juu ya ule wa chaki: USIGUSE MASIKIO. Upo mpaka leo. Wageni wanauliza huyo farasi yuko mlango namba ngapi. Usiguse mwenyewe aliishi hadi 1991, akafa amesimama kivulini, mzee, hajavuta jiwe hata moja. Kamba ya mdomo haikutumika tena katika banda lile. Mzee Makasi aliikata mwenyewe vipande akafungia nyanya kwake.

Marehemu alifundisha vinyozi kumi na mmoja, na saba kati yao wako hapa. Alistaafu tarehe 30 Juni 2011. Aliendelea kwenda kila Jumatano, kukagua, akisema anapita tu.

Ugonjwa ulianza Februari 2021. Alipanda ngazi tatu akakaa ya tatu. Daktari alimpima akamwambia, "Mama, moyo wako unakwenda haraka mno." Mume wake na binti yake walitazamana, wakashindwa kujizuia. Daktari akauliza kuna nini. Marehemu akamwambia, "Daktari, hilo lingesemwa na yeyote mtaani, bila hiyo mashine." Alipewa dawa za asubuhi na jioni. Zilisaidia miaka mitatu. Nyakati moyo ulipomshika aliweka kiganja kifuani akauambia lile neno lake, na mara nyingi ulimsikia.

Septemba mwaka huu haukumsikia. Alilazwa tarehe 29, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Hakulalamika, ila kwamba chai ilikuja polepole. Alifariki Alhamisi tarehe 10 Oktoba 2024, saa tatu na robo asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono wa kushoto, ule wa kukunja.

Binti mkubwa alibaki na karatasi za hospitali. Mume wake alikataa habari ipelekwe bandani kwa simu. Ni mwendo wa dakika ishirini, kwake ni arobaini. Alitembea.

Alimkuta kinyozi mkuu wa sasa, mama wa watoto wanne, aliyejifunza kazi kwa marehemu tangu 1998. Alikuwa na farasi dume mdogo, mwekundu, ambaye hajawahi kuguswa sikio maisha yake. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo, farasi na mtu. Alimwona mzee mlangoni kwa pembe ya jicho.

"Shikamoo, babu. Nisubiri. Sikio la pili bado."

Marehemu aliwafundisha kwamba ukianza masikio hakuna anayekukatiza, awe bosi, awe moto. Farasi ukimwacha katikati, anabaki anafikiri ule woga wake ulikuwa na sababu. Mume wake alilijua hilo. Akaegemea mlango, na habari yake mdomoni.

Akatazama. Mkono wa kushoto ukaleta kingo pamoja. Mkasi ukaanzia chini. Kche. Ukasubiri. Kche. Farasi alitetemeka ngozi, kisha hakutetemeka. Ukafika kwenye ncha. Sikio likaachiwa, likafunguka. Kinyozi alilifuta kwa kitambaa, akafunga mkasi, akautia mfukoni, akamfungulia farasi kamba. Ndipo akaja. Hakuuliza kuna nini. Alishika mkono wa mzee.

"Saa ngapi?"

"Saa tatu na robo."

Akageuka kumtazama yule farasi mwekundu, aliyekuwa ameshusha kichwa akitafuta majani.

"Basi ndiyo nilikuwa naanza la kwanza," akasema.

Marehemu ameacha mume, watoto wanne, ambao ni mwalimu, fundi umeme, mpishi wa hospitali na dereva, wajukuu tisa, kitukuu mmoja wa kike aliyezaliwa Agosti, naye pia alizaliwa njiani bila kumsubiri mkunga, dada zake wawili na kaka mmoja, vinyozi kumi na mmoja, na farasi ishirini na sita wa banda lile, ambao leo wamepewa mapumziko, na masikio yao yako salama.

Apumzike. Amani anayo.